Kuhusu mashine ya kukereza vyuma ya mtumba

Habari mkuu, umeuliza kama uichukue hiyo mashine ya kukereza wakati home una umeme wa fezi moja. Soma kwanza kibao cha mota, kikiwa na volti 220/380 unaunga nyaya za mota kwa delta (mtindo wa pembetatu, unaotumia ile 220) na kufunga invata, kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu, ikiwa ni 380 tu jua gharama inapanda. Halafu kitanda, yaani zile reli ambazo kibebeo cha kisu hutembea juu yake, hapo ndo mimi niliumia, niliona rangi mpya nikalipa fasta. Sogeza kile kibebeo cha kisu karibu na chaki inayoshika chuma, kaza bolti yake ya kufungia taratibu mpaka kiwe kizito kidogo, alafu kisukume hadi mwisho kule mbali na chaki. Kikigoma njiani ujue kitanda kimelika upande wa chaki, achana nayo hata wakikupunguzia. Bei yenyewe siwezi kuisemea bila kuiona.