Bega la bandia na upinde: "nenda polepole" ndo kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina miaka 63, nawinda kwa upinde tangu ujana. Miezi minne iliyopita nilibadilishwa bega la kulia, na huo ndo mkono ninaovutia. Kwenye karatasi za hospitali wameandika ni bega la rivasi, sijaelewa maana yake. Maumivu yameisha kabisa, usiku nalala vizuri, mkono unafika kichwani bila shida. Upinde wangu ni kampaundi, ule wenye vigurudumu kwenye ncha, wa paundi 60 na msimu unafunguliwa baada ya miezi miwili. Aliyenipasua nilipomuuliza kuhusu upinde akasema tu "nenda polepole". Sasa polepole ndo kiasi gani? Naweza kuvuta paundi 60 msimu huu? Na kama haiwezekani, bunduki au krosibou, ule upinde wenye kitako kama bunduki, je?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa bega kupona vizuri. Nianze na lile unalolitaka kwanza: paundi 60 msimu huu hapana. Kuwinda msimu huu inaweza kuwezekana, ila si kwa upinde ule ukiwa umekazwa vile, na si kabla aliyekupasua hajaiona eksirei mpya na kusema sawa. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, kazi yangu ni kurudisha nguvu na mwendo, lakini jinsi chuma kilivyokaa kwenye mfupa wako anayejua ni yeye.

Sasa hilo la maumivu kuisha, watu wengi wanalichukulia kama ruhusa na mimi ndo linanipa wasiwasi kuliko yote. Maumivu uliyokuwa nayo zamani yalitoka kwenye kiungo kilichoharibika, na kiungo hicho kimetolewa, pale sasa kuna chuma na plastiki na vitu hivyo havina mishipa ya fahamu. Kwa hiyo bega kutouma maana yake ule ugonjwa wa zamani umeondoka, basi, haikuambii kano iliyoshonwa imeshika kiasi gani wala kama chuma kimeshikana na mfupa. Unaweza kuvuta upinde leo usisikie kitu, na bado ukawa umeharibu.

Rivasi ni hivi. Bega la kuzaliwa nalo lina tufe juu ya mfupa wa mkono, na kijisahani chenye kina kifupi kwenye kombe la bega. Bega la bandia la kawaida linaiga hivyo hivyo, tufe la chuma upande wa mkono na kijisahani cha plastiki upande wa kombe. La rivasi wanageuza, tufe linafungwa kwenye kombe kwa skrubu na kijisahani kinawekwa kwenye mkono. Mfaransa mmoja daktari wa upasuaji, Paul Grammont, ndo aliyelileta kwa namna tunayoitumia, mwaka 1985, na sababu yake ni wagonjwa ambao ile misuli minne midogo inayozunguka bega, roteta kafu, imechanika haifai tena. Kwa kugeuza vile, msuli mkubwa wa juu ya bega, deltoidi, unapata mkazo mzuri na unaweza kuinua mkono karibu peke yake. Ndo maana mkono wako unafika kichwani. Ila ujue kazi iliyokuwa inafanywa na misuli kadhaa sasa anaibeba deltoidi, na ile ncha ya mfupa juu ya bega ambako deltoidi imeshikilia inavutwa muda wote. Kwa watu wa bega la rivasi mfupa huo unaweza kupata ufa taratibu, bila kuanguka wala kugongwa, hasa kama mifupa imeshaanza kuwa myepesi kwa umri. Kwa hiyo ukisikia maumivu mapya juu kabisa ya bega, sehemu unayoweza kuigusa kwa kidole kimoja ukasema ni hapa, weka upinde chini na uende kupiga picha, usisubiri wiki iishe.

Wenye bega la bandia la kawaida wanaosoma hapa, nyie shida yenu iko kwingine. Ili kukifikia kiungo, mara nyingi daktari hukata kano ya msuli wa mbele ya bega halafu anaishona tena mwishoni, na kano hiyo huwa inalindwa karibu wiki 6 mkono ukiwa umening'inizwa, na mazoezi ya nguvu hasa yanaanza kwenye wiki ya 12 hivi. Mkono wa kuvutia upinde ukifika mwisho, kiwiko kikiwa nyuma, sehemu ya mbele ya bega ndo inanyooshwa zaidi, yaani palepale palipo na mshono. Weka kiganja tumboni ukandamize ndani huku kiwiko kikiwa mbele, kama huwezi kukandamiza bila kiwiko kurudi nyuma basi msuli ule bado hauko kazini na upinde usubiri. Na miaka ikienda, kinachochosha bega la aina yenu zaidi ni kile kijisahani cha plastiki kulegea, kinatikiswa kidogo kidogo kila mzigo unapokuja upande mmoja, kama msumari unaochezeshwa kushoto kulia mpaka tundu linapanuka.

Turudi kwako mzee. Kuna habari nzuri na naomba uishike vizuri: anayevuta upinde kwa ufundi sahihi havuti kwa bega, anavuta kwa mgongo. Misuli iliyo kati ya makombe mawili ya bega, ile inayoyaleta makombe karibu, ndo inayorudisha kiwiko nyuma, na upasuaji wako haukuigusa kabisa, daktari alipita mbele. Ndo maana wapo watu wanaorudi kwenye upinde baada ya upasuaji huu na wanapiga vizuri tu. Pia kwako mkono unaoshika upinde ni wa kushoto, mzima. Ingekuwa kinyume chake, bega la bandia ndo linasimama limenyooka na upinde wa kilo mbili au zaidi mbele yake, ningekuwa mkali zaidi, maana deltoidi kushikilia mzigo mbali na mwili vile inachoka haraka sana.

Sasa hizo paundi 60. Paundi 60 ni kama kilo 27, na madaktari wengi humwambia mtu wa bega la rivasi asizoee kunyanyua zaidi ya kilo 10 hivi kwa mkono ule maisha yake yote, wengine wanaruhusu kidogo zaidi. Najua utasema kampaundi inalegea, ni kweli, upinde unaolegea kwa asilimia 80 ukifika mwisho unashikilia paundi 12 tu, kilo tano na nusu hivi. Lakini kufika huko lazima upite kwenye kilele, na kilele ni 60 zote. Na kuna kitu ambacho watu hawakihesabu, kurudisha. Umevuta, mnyama kageuka kaondoka, hupigi, inabidi uurudishe ugwe taratibu. Pale unapotoka kwenye ulegevu na kurudi kwenye kilele upinde unaunyakua mkono mbele ghafla, misuli imeshachoka kwa kushikilia, na ndo hapo mabega mengi yanapoumizwa, hata mazima. Kwa hiyo kipimo chako kisiwe "naweza kuvuta kiasi gani", kiwe "naweza kurudisha kiasi gani bila mkono kunyakuliwa".

Nikiwa na mtu kama wewe kliniki huwa naenda hivi, baada ya daktari kuruhusu. Mwanzo hakuna upinde, ni mpira wa mazoezi, ule mwepesi kabisa, unaushika kama upinde na kuuvuta mpaka shavuni ukisikiliza kombe la bega linasogea kuelekea uti wa mgongo, ukisikia kazi iko juu ya bega karibu na shingo umekosea, rudi. Unashikilia sekunde chache, unarudisha polepole zaidi ya ulivyovuta. Fanya mbele ya kioo. Hii si hatua ya kuruka eti ni ya watoto, hapa ndo unajifunza upya kuvuta kwa mgongo, maana miaka yote bega lilipokuwa linauma ulikuwa unadanganya kwa kupandisha bega na kupinda mgongo, na mwili umezoea. Ukimaliza siku na kesho yake bega liko kama jana, unaongeza mpira. Baadaye, wengi ni mwezi wa tano au wa sita tangu wapasuliwe, unashika upinde wa paundi 10 mpaka 15, wa kukodi au wa kuazima, unapiga mishale michache tu kwenye shabaha ya karibu, siku moja unapiga siku moja unapumzika. Unaongeza mishale kwanza ndo uongeze uzito, usiongeze vyote wiki moja.

Na jaribio la kujua kama uzito ni wako, kaa kwenye kiti, miguu chini, nyoosha upinde kwenye shabaha, vuta moja kwa moja nyuma bila kuinua upinde juu kuelekea mbinguni. Ukilazimika kuuelekeza juu ili upate nguvu ya kuvuta, uzito ni mkubwa kwako, hapo hakuna mjadala. Ukifika mwisho shikilia nusu dakika kisha rudisha taratibu. Umeweza yote bila kutetemeka, sawa, uzito huo ni wako. Kampaundi nyingi unaweza kuzipunguza kama paundi 10 kwa kulegeza zile bolti za mikono ya upinde, kwa hiyo wa kwako utashuka mpaka 50 hivi, na 50 bado ni nyingi. Tafuta wenye nafasi kubwa ya kurekebisha, unaoanzia chini kabisa. Mimi kwa umri wako na bega lako ningefurahi tukiishia 35 mpaka 40, na kwa mshale mzito kidogo, ncha yenye makali na umbali mfupi, 40 inaua mnyama wa ukubwa wa swala bila tatizo. Angalia tu sheria ya unakowinda, sehemu nyingi wameweka uzito wa chini kabisa kwa mnyama mkubwa.

Msituni kuna mengine ambayo kwenye shabaha hayapo, na ukiniuliza mimi haya ndo yanaharibu mabega kuliko kuvuta. Kupanda kwenye dungu juu ya mti, usivute mwili wako kwa mkono ule, na ukiteleza mkono ndo utakaodaka mwili mzima. Msimu wa kwanza winda ukiwa chini, kwenye kificho. Kumburuta mnyama aliyekufa, hapana, nenda na mtu. Podo usilivae kiunoni kwa nyuma wala mgongoni, lifunge kwenye upinde wenyewe, kwa sababu bega la rivasi linapenda kuchomoka mkono ukiwa nyuma ya mwili, umebana ubavuni na umegeuzwa ndani, ile namna ya kuchomoa kitu mfuko wa nyuma au kujisukuma kutoka kwenye kiti kifupi ukiwa umeweka viganja nyuma yako. Halafu kukaa saa tatu kwenye baridi bila kusogea kisha uvute mara moja kwa sababu mnyama katokea, aisee hiyo hata mimi mwenye bega langu siifanyi, zungusha mabega na ubane makombe kila baada ya muda.

Ukijikata huko porini osha kidonda na ukitibu, usiseme ni mkwaruzo. Vimelea vikiingia kwenye damu vinaweza kwenda kukaa kwenye chuma. Na kuna bakteria anayeishi kwenye ngozi ya bega, Cutibacterium acnes, huyu anaweza kuingia wakati wa upasuaji akakaa miezi hata miaka bila homa wala uvimbe, dalili yake ni bega lililokuwa zuri kuanza kukakamaa na kuuma taratibu bila sababu. Ukiona hivyo usiulaumu upinde, nenda kapimwe.

Krosibou kwa msimu huu ndo ningekushauri, kwa sharti moja. Kuifyatua hakuna shida, kuikaza ndo shida, nyingi zinahitaji paundi 150 na zaidi. Kamba ya kukazia inakupunguzia nusu tu, bado ni nyingi, tafuta yenye mkono wa kuzungusha uliojengwa ndani, hiyo unakaza kwa kilo chache na unazungusha kwa mkono wa kushoto. Iweke juu ya stendi, usiishikilie hewani, ni nzito mbele.

Bunduki inategemea. Shotigani ya geji 12 yenye risasi nzito inapiga teke palepale kwenye chuma chako, hiyo kwa mwaka wa kwanza niondolee. Kama jicho lako la kushoto linaona vizuri jifunze kulengea bega la kushoto, inakera mwanzoni lakini watu wanaizoea. Ukishindwa basi geji 20, risasi nyepesi, ile inayojipakia yenyewe kwa gesi maana teke lake linatawanyika, na pedi nene kwenye kitako, na hata hiyo baada ya daktari kuona eksirei.

Ukienda kwa daktari usimuulize "naweza kuwinda?" maana atakujibu tena polepole. Muulize kano ya mbele ilishonwa au iliachwa, mfupa wa kombe ulikuwa mzuri au waliongeza mfupa, skrubu zimeshika, na kilo ngapi anaruhusu kuvuta, si kunyanyua, kuvuta kwa usawa wa bega. Mwonyeshe kwa mkono unavyovuta, wengi hawajawahi kushika upinde. Akikupa majibu hayo nitumie, pamoja na uzito wa chini ambao upinde wako unaweza kufika, nikupangie wiki kwa wiki.