Kabla ya kununua bodi, fuata maji

Msomaji wa Uyole, Mbeya, ameniandikia kwamba mashine yake ya kufulia ya kilo 7, ya mlango wa mbele, imesimama katikati ya kazi. Maji yamo ndani, mlango haufunguki, na kwenye kioo imeandika OE. Fundi aliyeitwa amesema bodi, yaani saketi inayoongoza mashine, imekufa, iagizwe Dar es Salaam. Anauliza kama bei aliyotajiwa ni halali.

Dada, usitoe hela kwanza. Bodi hufa, hasa umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, lakini bodi iliyokufa mara nyingi haiwashi hata taa. Mashine inayoandika OE kama ni LG, 5E au 5C kama ni Samsung, E18 kama ni Bosch, iko hai na inakutajia ugonjwa wake: maji hayatoki. Inaudhi kuona watu wanauziwa bodi kwa sababu ya sarafu iliyokwama kwenye pampu.

Chomoa plagi. Kama ilikuwa inafua kwa nyuzi 60, subiri maji yapoe. Chini kwa mbele, mara nyingi upande wa kulia, kuna kifuniko kidogo. Nyuma yake kuna chujio la pampu, na kwenye mashine nyingi kuna mpira mwembamba wenye kizibo. Tandika matambara, weka beseni bapa, vuta huo mpira, toa kizibo, beseni likijaa ziba, mwaga, rudia. Ndani panaweza kuwa na lita 10 hadi 20, kwa hiyo usiwe na haraka. Maji yakiisha ndipo uzungushe chujio kuelekea kushoto. Ukilifungua kabla ya hapo utafua sakafu.

Utakuta sarafu, vifungo, waya wa sidiria, soksi ya mtoto, na udongo. Udongo hasa. Nguo zilizotoka kwenye shamba la viazi au la chai zikung'utwe na zisuuzwe kwenye beseni kwanza, maana mashine haina pa kuweka tope zaidi ya hapo chini. Osha chujio, kisha mulika tochi ndani ya tundu lake utaona kijipanga cha pampu, kile kinachozunguka kusukuma maji. Kizungushe kwa kijiti. Kinatakiwa kugotagota, kizunguke kwa kurukaruka, kwa sababu rota yake ni sumaku. Wengi wakiona hivyo hudhani kimekufa. Kikizunguka kilaini bila kugota, au kikiyumba, kimevunjika. Kisipozunguka kabisa, kuna nywele au uzi umejisokota. Mwenye mita ya fundi umeme (multimita) apime koili ya pampu: ohmu kati ya 100 na 200 hivi ni nzima, na mita isiposoma chochote koili imekatika. Hapo unanunua pampu, bodi iache.

Mlango usikutie hofu. Kufuli lake hushikilia maji yakiwa juu au yakiwa ya moto, na umeme ukikatika huchukua dakika mbili tatu kuachia. Ukishamwaga maji yote na bado umegoma, chungulia nyuma ya kile kifuniko cha chujio; mashine nyingi zina kikamba cha dharura hapo. Kivute taratibu kuelekea chini. Usichokonoe mlango kwa bisibisi.

Sasa mpira mnene wa kutolea maji. Majumbani kwetu umezoeleka kulazwa sakafuni ukielekea kwenye tundu la bafu. Hilo ni kosa, na linaleta ugonjwa unaowachanganya hata mafundi: mashine inajaza maji, inajaza, haishibi, halafu inaandika IE kama ni LG, au 4C kama ni Samsung, kana kwamba bomba halina maji. Maji yanaingia juu na kukimbia chini kwa wakati mmoja. Mpira unatakiwa kupanda sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni kabla ya kuteremka. Ufunge ukutani kwa klipu, na ncha yake isizame kwenye maji machafu wala kuzibwa kwa plastiki kwenye bomba, hewa ipite.

Kama mpira uko sawa na IE bado ipo, nenda upande wa maji yanayoingia. Maji mengi ya huku ni ya mserereko kutoka milimani, na mvua zikianza Novemba au Desemba yanashuka na mchanga. Funga koki, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, na kwenye mdomo wa vali, ile inayofungua na kufunga maji yanayoingia, utaona kichujio kidogo cha wavu. Kivute kwa koleo yenye mdomo mwembamba, kisugue kwa mswaki mzee, kirudishe. Kuna mafundi wanakitupa ili "maji yaingie vizuri". Yataingia vizuri, na mchanga pia, kisha vali haitafunga na mashine itajaa hata ikiwa imezimwa.

Halafu presha. Mashine nyingi zinataka angalau bar 0.5 (bar ni kipimo cha presha), sawa na tanki lililo mita 5 juu ya vali. Stendi ya mita 3 haifiki. Jaribu hivi: fungua koki yote, kinga ndoo ya lita 10. Ikizidi dakika moja na robo kujaa, ongeza kimo cha stendi au weka pampu ndogo ya presha. Kubadilisha vali hakutasaidia.

Kuhusu sabuni, sitaacha kulisema hili. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi, na povu ndilo linaloua mashine hizi polepole. Nguo husafika kwa kunyanyuliwa na kudondoka. Povu likijaa zinaelea. Ikifika kukamua, povu linakwamisha dramu na pampu inavuta hewa, kwa hiyo mashine inasuuza tena na tena, saa moja inakuwa mbili. Masalia yake yanaganda nyuma ya dramu, kwenye kile kikono cha aluminiamu chenye miguu mitatu kinachoibeba, na kukila taratibu hadi kinavunjika. Nunua iliyoandikwa kwamba ni ya mashine, na usimimine kwa macho. Kwa kilo 7 zenye uchafu wa kawaida, vijiko 3 hadi 4 vya chakula vinatosha. Ukishazidisha, washa programu ya kusuuza bila sabuni, weka kijiko kimoja cha kilainishi, povu litashuka.

Juni na Julai unga hauyeyuki. Maji ya bomba Mbeya, Njombe na Makete wakati huo yanauma vidole, na programu ya "baridi" haiyapashi hata kidogo. Ndiyo maana nguo nyeusi zinatoka na mistari myeupe. Chagua nyuzi 40. Juu zaidi ya 60 sioni haja: kwa mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo programu ya 95 inaweza kuifanya hita ichemshe maji bila kufikia kiwango inachokisubiri.

Mara moja kwa mwezi endesha nyuzi 60 bila nguo, ukiwa umeweka gramu 100 za asidi ya limao, ile ya unga, ndani ya dramu. Jiki nayo ina siku yake ya peke yake. Jiki na asidi, au jiki na siki, vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi hazina dirisha la maana. Raba ya mlango ifutwe kila baada ya kufua, hasa mkunjo wa chini ambako maji na nyuzi za nguo hutuama, na mlango uachwe wazi kidogo.

Blanketi zito la baridi ni tatizo jingine. Likiwa peke yake linajikunja kuwa donge, mashine inajaribu kulisawazisha, inashindwa, inaandika UE. Blanketi linalojaza dramu yote likiwa kavu usilitie. Lifue kwa mikono. UE ikija hata kwa nguo za kawaida, weka pima maji juu ya mashine, rekebisha miguu, kaza nati zake. Na kama ni mpya na inatembea chumbani, angalia nyuma: huenda boliti za usafirishaji, kwa kawaida nne, hazijatolewa.

Umeme, kwa kifupi. Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampia 9, kwa hiyo ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba. Ukiigusa ikakutekenya, nyumba haina ethi nzuri, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Mwite fundi umeme kabla ya kumwita fundi wa mashine.

Kelele kubwa ya mngurumo wakati wa kukamua ni beringi. Shika dramu tupu, inyanyue na kuishusha; dramu ikicheza ndani ya tangi lake, beringi imekwisha. Beringi zibadilishwe zote mbili pamoja na sili yake, ile raba inayozuia maji, maana maji yaliyopenya sili ndiyo yaliyoziua. Lakini uliza kwanza kama tangi la plastiki limefungwa kwa skrubu au limeunganishwa moja kwa moja. La pili linakatwa kwa msumeno, na mara nyingi kazi hiyo hailipi. Na ukienda kutafuta spea Mwanjelwa, hapa Mbeya, nenda na kifaa kibovu mkononi pamoja na picha ya kibandiko chenye namba ya modeli, kilicho ndani ya mlango au nyuma. Pampu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa matundu ya skrubu.