Muulize Shangazi: Nataka kufungua makao ya wazee Tukuyu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Tukuyu. Wazazi wametuachia nyumba kubwa yenye shamba la migomba, nami nataka kuifanya makao ya wazee ambao watoto wao wako Dar au wametangulia mbele za haki. Nimepanga kumbi mbili, ya kina baba na ya kina mama, vitanda kumi kila mmoja, sare, geti la kufungwa, wageni Jumapili. Kaka yangu anasema nafundisha watu kutupa wazazi, na mila zetu hazikubali. Nianzie wapi?*
*Mwalimu, Tukuyu*

Marahaba, Mwalimu. Nianze na kaka yako. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, na nimeuguza wagonjwa Mbeya mpaka nikastaafu. Unajua kwetu mkamwana na baba mkwe wanavyoepukana; wakikutana njiani, binti anapisha. Leo kijana yuko mjini, mzee amepooza upande mmoja, na aliyebaki nyumbani ni huyo huyo mkamwana. Ndiye amvue, ndiye amwogeshe. Nimewaona wazee wa namna hii wakikataa hata maji ya kunywa, ili wasihitaji kupelekwa chooni. Hapo mila gani imelindwa? Ukimpatia mhudumu wa kiume aliyefunzwa kazi, umemrudishia mzee heshima yake na umempumzisha binti wa watu. Mwambie kaka hivyo.

Lakini ramani yako inanipa wasiwasi. Kumbi, sare na geti ni mambo ya bweni, na hao ni watu waliojenga nyumba zao na kulea familia. Huko Marekani, mwaka 1983, Keren Brown Wilson alifungua makao ya wazee mjini Portland, jimbo la Oregon. Mama yake mzazi alipata kiharusi akiwa na miaka 55 tu, akaishia kwenye vituo vya kuuguzia. Wilson akajenga vyumba 112, kila kimoja na jiko lake dogo, samani za mwenyewe, na mlango ambao mzee anaufunga yeye kwa ndani. Wahudumu walikuwepo mchana na usiku, ila walibisha hodi. Sikwambii ujenge vyumba 112. Chukua ule mlango.

Gawa kumbi zako kwa mbao. Mbao huku kwetu si shida. Vyumba vinane vyenye funguo vinanitosha kuliko vitanda ishirini. Ufunguo wa akiba akae nao mhudumu wa zamu, kwa dharura tu. Mzee aje na kitanda chake, kigoda chake, Biblia yake. Aamke saa anayotaka. Choo kiwe cha kukaa, chenye vyuma vya kushikilia ukutani, maana magoti ya miaka themanini hayachuchumai.

Kisha utapata mtihani mwenyewe. Bibi atataka kwenda sokoni peke yake, na unajua mvua ya Tukuyu na utelezi wake. Utatamani kumfungia. Usimfungie. Mpe fimbo nzuri, mtafutie wa kumsindikiza, na mkubaliane mapema, yeye na watoto wake wakiwepo, kwamba anaweza kuanguka na bado amechagua kwenda. Anayezuiwa kila kitu kwa usalama wake huacha hata kuuliza. Pale nitakapokuwa mkali ni kwenye jiko la mkaa chumbani. Baridi ya Juni inawashawishi watu wafunge madirisha na kulala nalo, na hewa yake inaua bila kunuka. Weka jiko moja la kuni lenye bomba la moshi, na mabenchi pembeni wakae waote moto.

Hiyo ratiba ya Jumapili ifute. Mjukuu akija Jumanne na mkungu wa ndizi, aingie. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeiweka familia mbele katika kuwatunza wazee, kwa hiyo kaka yako ana hoja. Mpe kazi, awe ndiye anayezungumza na koo.

Kabla hujanunua godoro hata moja, nenda halmashauri kwa afisa ustawi wa jamii, uulize masharti ya usajili. Ukitoka hapo, pita kwa wazee watatu unaowafahamu, uwaulize wangependa chumba chao kitazame wapi. Nadhani watakwambia barabarani.