Anti, huku Juba watu wanacheka tu, niogope au nisiogope?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mhasibu, nina wiki tatu tangu nihamie Juba, Sudan Kusini, mkataba wa miaka miwili. Nilikuja nimejiandaa kukuta vifusi na watu wanakimbia, nikakuta boda wanagombania abiria, wamama wa chai na mabirika yao kando ya barabara, harusi, majenereta yananguruma. Nilinusurika kugongwa kwa sababu nilichungulia upande usio sahihi, kumbe huku wanapita kulia. Simu nayo ikarudi nyuma lisaa lizima. Nikapiga picha daraja la Nile, askari akanifokea mpaka magoti yakaisha nguvu. Juzi usiku zikalia risasi, kwa mbali, asubuhi ofisini hakuna hata mmoja aliyezitaja, wanaulizana dizeli ya jenereta imefika au bado. Mama anapiga kila siku analia, namwambia kumetulia. Sasa mimi ndo mwoga au wenzangu wamezoea vibaya? Na mama nimwambie nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenirudisha mbali, nami nimeishi hapo hapo, nilifika 2015, wiki ya kwanza naogopa hadi mlango ukibamizwa, mwezi wa tatu siogopi kitu, na huko kutoogopa ndo nusura kuniponze.

Wenzako hawajazoea vibaya. Hiyo nchi imepata uhuru Julai 2011, Desemba 2013 vita, Julai 2016 mapigano ndani ya Juba kwenyewe, mkataba wa amani 2018, yani mtu wa miaka thelathini ofisini kwako ameshayapitia yote hayo. Zile risasi amezisikia kama wewe, ila amezipima: ziko mbali kiasi gani, ni bunduki moja au zinajibizana, kisha akageuka akalala. Sikio hilo wewe huna bado. Muulize, taratibu, mkiwa wawili, za juzi zilikuwa za wapi? Na muulize kwa Kiswahili, wengi wamekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma kule Kenya, au Uganda, utashangaa atakavyofunguka, maana kwa Kiingereza cha ofisini atakujibu "hakuna shida" basi.

Mimi aliyeniokoa ni mama wa chai. Ijumaa moja ya hiyo Julai 2016 nimetoka zangu kazini nataka chai yangu ya jioni, namkuta anafunga glasi kwenye kitambaa, mkaa bado mwekundu akaumwagia maji, mkaa mzima ule, na wewe unajua mfanyabiashara hamwagii mkaa maji hivi hivi. Nikatazama barabarani, boda hata moja hakuna. Nikaenda nyumbani mbio, na haikupita muda zikaanza. Kwa hiyo usihangaike sana na askari, askari wapo kila siku, angalia nani anafunga biashara kabla ya saa yake.

Zikilia karibu usiende dirishani kuchungulia (najua unataka), lala chini, korido au chumba kisicho na dirisha. Begi dogo liwe tayari: pasipoti, dawa ya malaria, maji, chaja, na dola mpya mpya maana zile kuukuu au zilizochanika huko wanakurudishia. Saa ya kurudi mliyopangiwa na ofisi ifuate hata wakikucheka.

Mama usimdanganye, siku akisikia kwenye redio hatakuamini tena. Mpangie saa maalumu ya kupiga, ukiwa umeshaingia ndani, tuseme saa mbili usiku yako, kwake nyumbani inakuwa saa tatu. Mwambie leo umekula nini, na kama zimelia mwambie zimelia na wewe ulikuwa wapi. Mweleze pia netiweki huko hupotea yenyewe, usipopatikana lisaa asiite majirani kwanza.

Na ile picha ya daraja, kama bado iko kwenye simu, ifute leo.