Ngome za Kale za India: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mwezi ujao nitamsindikiza shangazi yangu Hyderabad, India, kwa matibabu, na tumeelezwa kwamba baada ya upasuaji kutakuwa na siku kadhaa za kungoja tu. Ningependa kuona ngome na makasri ya wafalme wa kale, ila picha nilizoziona ni za kuta zilizobomoka, zote sawa machoni pangu. Nianzie wapi, na nitazame nini?
Msomaji, South B, Nairobi

JIBU: Tunamwombea shangazi afueni. Anzia Golconda, ngome ya kilimani, kwa kuwa iko pembezoni mwa jiji hilohilo na hutalazimika kulala mbali na mgonjwa. Kilima hicho kilikuwa na ngome ya udongo tangu enzi za wafalme wa Kakatiya. Kuanzia mwaka 1518 masultani wa Qutb Shahi walikifanya makao yao makuu na kukizungushia kuta za matale.

Wageni wengi hupanda mbio hadi Bala Hisar, jengo la kileleni, wakapiga picha na kushuka. Sisi tungekushauri ukawie malangoni. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilibuniwa kwa kufikiria mizinga, ilhali malango ya Golconda yanakuonyesha hofu ya tembo wa vita: mbao zake zimepigiliwa misumari mirefu ya chuma, na njia ya kuingilia imepindishwa ili mnyama asipate nafasi ya kukimbia na kuugonga mlango kwa kichwa. Ukipiga makofi chini ya kuba la lango, sauti husikika hadi kileleni, na inasemekana walinzi waliitumia kupeana habari.

Kisha yafuate maji. Yalipandishwa kilimani hatua kwa hatua, kutoka tangi moja hadi jingine, kwa magurudumu ya kutekea, yakasambazwa kwa mabomba ya udongo yaliyofichwa ndani ya kuta; ukiyaona mabomba hayo, makasri yaliyobaki bila mapaa yataanza kueleweka. Hata hivyo, maji na nafasi havikuwatosha watu walioongezeka, na mwaka 1591 Sultani Muhammad Quli akaanzisha mji mpya wa Hyderabad. Ngome yenyewe ilitekwa na Aurangzeb, mfalme wa Wamughal, watawala wa kaskazini mwa India, mwaka 1687, baada ya mzingiro wa miezi kama minane, pale msaliti alipomfungulia lango usiku.

Ukipata siku nzima, nenda Bidar, kilomita zipatazo 140 kutoka Hyderabad, ukaone Rangin Mahal, kasri dogo lenye nguzo za mbao zilizochongwa na mawe meusi yaliyopambwa kwa gamba la chaza. Kwa maoni yetu, chumba hicho kinashinda majumba mengi yanayosifiwa kwenye kalenda, ambayo baadhi yake si ya kale hivyo: Hawa Mahal ya Jaipur ni ya mwaka 1799.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Waafrika waliwahi kumiliki ngome huko India? Mwanangu anashikilia hivyo, na babu yake hakubali.
Mzazi, Eastleigh, Nairobi

JIBU: Mjukuu ameshinda. Malik Ambar, aliyezaliwa Ethiopia katika karne ya 16 na kuuzwa utumwani, alifika Deccan, uwanda wa juu wa kusini mwa India, akapanda cheo hadi akawa mtawala halisi wa usultani wa Ahmadnagar, na akawahangaisha Wamughal hadi alipofariki mwaka 1626. Kaburi lake liko Khuldabad, karibu na ngome ya Daulatabad.

Zaidi ya hapo kuna Janjira, ngome ya kisiwani kusini mwa Mumbai, iliyokuwa mikononi mwa Masiddi, watu wenye asili ya Afrika. Shivaji, mfalme wa Wamaratha, alishindwa kuiteka, na mwanawe Sambhaji vilevile, kwa kuwa bahari imeizunguka pande zote, na ndani yake mna mabwawa ya maji matamu yaliyowawezesha walinzi kustahimili mzingiro. Himaya yao ilidumu hadi ilipounganishwa na India mwaka 1948. Anayetaka kuizuru huvuka kwa mashua kutoka kijiji cha Rajapuri, na aepuke miezi ya masika ya huko, Juni hadi Septemba, bahari inapochafuka.