Kabla hujaupanda Ben Alder majira ya baridi

Kama umeshafika kilele cha Uhuru, tafadhali usiidharau namba 1,148. Hizo ndizo mita za Ben Alder, mlima uliojitenga katikati ya nyanda za juu za Scotland. Kilimanjaro unapita getini, unaandikishwa, unakuwa na mwongozaji na wapagazi. Huku hakuna geti wala kiingilio. Sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea milimani, na ukishaingia, maamuzi yote ni yako.

La kwanza kulihofia ni umbali. Kutoka stesheni ya treni ya Dalwhinnie unafuata barabara ya vumbi kando ya ziwa la Loch Ericht, kama kilomita 15 hadi miguuni mwa mlima. Mwisho wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892 inakadiria saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Theluji ikifika magotini, mimi huongeza nusu ya muda huo, na hata hapo hautoshi siku zote. Ndiyo maana wengi huenda na baiskeli sehemu ya kwanza, au hulala huko kwenye hema. Kibanda cha Culra, kinachotajwa kama malazi kwenye vitabu vya zamani, kilifungwa kwa sababu ya asbesto, usikitegemee. Mgeni ningemshauri aje Machi: theluji bado ipo na mchana umerefuka.

Shoka la barafu na kramponi (meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu) uvijue kabla ya safari. Tafuta mteremko mfupi usio na mawe chini yake, ujiangushe makusudi, ujifunze kujizuia kuteleza kwa kuchoma shoka kwenye theluji mpaka mkono ufanye wenyewe.

Juu kuna uwanda mpana, na hapo ndipo ninapowaomba wageni wawe makini kuliko kote. Upepo wa kusini-magharibi husukuma theluji hadi ukingo wa mashariki, ikajenga ubao wa theluji unaoning'inia juu ya genge. Ukiwa juu yake unaona ardhi nyeupe tu. Ukungu ukishuka, mbingu na theluji huwa kitu kimoja. Basi mmoja ashike dira, mwingine ahesabu hatua, na mbele mrushe donge la theluji: likitua mkaliona, endeleeni, likitoweka, rudini nyuma mita nyingi, kwa sababu ubao huo hukatika mbali na ncha yake.

Simu haishiki sehemu nyingi, kwa hiyo beba filimbi. Ishara ya kuomba msaada ni milio sita kwa dakika, kisha dakika moja ya kimya. Mtandao ukipatikana piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Watakaokuja ni watu wa kujitolea. Mwachie mtu njia yako kwa maandishi, na saa ambayo ikipita bila kukusikia, apige 999.