Maagizo ya dawa yanapotea kati yetu wodini
Umeuliza kwa nini maagizo ya dawa ambayo daktari hutoa kwa simu hufika kwa muuguzi na mfamasia yakiwa yamepinda. Mara nyingi si uzembe. Hakuna anayerudia alichosikia. Anayepokea aandike kwanza, kisha asome kwa sauti jina la mgonjwa, dawa, kipimo, njia na saa. Daktari athibitishe ndipo simu ikatwe, hata kama ana haraka (na huwa nayo).

Andikeni miligramu 1, kamwe si 1.0: nukta ikififia inasomeka 10. Chini ya moja, sifuri itangulie: 0.5.

Mfamasia naye awepo kwenye raundi ya kuwapitia wagonjwa, akague kipimo cha dawa dhidi ya majibu ya vipimo vya figo. Hapo muuguzi awe wa kwanza kuzungumza. Akingoja madaktari bingwa wamalize, aliyoyaona usiku humezwa.